Jirani amekataa maombi, lakini chai ametukaribisha

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Umoja. Jirani yangu wa mlango wa pili, ghorofa ya nne, ana ugonjwa wa figo. Anasafishwa damu hospitalini kila Jumatatu na Alhamisi, na huu ni mwezi wa nane. Kikundi chetu cha maombi kimekuwa kikienda kwake kila Alhamisi jioni. Tunaimba, tunaomba, tunamwekea mikono. Majuma matatu yaliyopita tulienda na ndugu mmoja mgeni mwenye huduma ya uponyaji. Akasema kuna jambo ambalo dada huyu hajalitubu, ndilo limefunga muujiza wake. Juzi nilimkuta amekaa kwenye ngazi akipumzika, akaniambia, "Chai mje mnywe siku yoyote, lakini maombi sitaki tena." Kiongozi wetu anasema tukung'ute mavumbi tuendelee na wengine. Mimi moyo unaniuma, ni rafiki yangu. Niache kwenda? Na je, ni sawa kuendelea kumwombea hali amekataa?

Jibu:

Asifiwe sana, dada.

Kwa ufupi, nenda ukanywe chai. Nenda peke yako, usiende siku ya Alhamisi, na ukifika usiombe. Yanayofuata ni maelezo tu, maana najua kikundi kitakuuliza umeyatoa wapi mambo haya.

Tuanze na hayo mavumbi. Kiongozi wenu ameshika Mathayo 10:14, na andiko lipo kweli. Lakini alisome tangu mwanzo wake: "Na mtu asipowakaribisha wala kuyasikiliza maneno yenu..." Huyu jirani amewakaribisha, ametaja mpaka kinywaji. Kusikiliza pia amesikiliza. Miezi minane ya Alhamisi ni zaidi ya mara thelathini amekaa kwenye kiti chake mkimwimbia na kumwombea. Mtu wa namna hiyo huwezi kumweka kundi moja na mji uliowafukuza mitume. Na hata mkitaka kuyakung'uta hayo mavumbi, mtayakung'utia wapi, nanyi mnapanda ngazi moja na kuanika nguo kamba moja?

Sasa kuna jambo umeliandika mwenyewe bila kuliona. Umesema anasafishwa damu Jumatatu na Alhamisi. Umesema pia mnaenda kwake Alhamisi jioni.

Nimekuwa kasisi wa hospitali hapa Nairobi kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nilikuwa nikipita kila wiki kwenye chumba cha mashine za figo, kwa hiyo siku yake ya Alhamisi naifahamu. Anaamka kabla ya jogoo ili awahi nafasi yake. Anapimwa uzito, waone amekusanya maji kiasi gani tangu Jumatatu. Anachomwa sindano mbili nene, moja ya kutolea damu na nyingine ya kuirudishia, na kwa muda wa saa nne hivi hawezi kwenda popote. Katikati presha inaweza kushuka ghafla, aone giza. Miguu inaweza kukaza misuli hadi mtu mzima alie. Akimaliza anabonyeza pamba pale sindano zilipotoka mpaka damu ikome, anapimwa tena, halafu anatafuta matatu, anabadilisha mjini, anashuka Umoja, na zile ghorofa nne zinamngoja. Wengi wameniambia kwamba wakifika nyumbani hulala kama gogo mpaka kesho yake.

Ninyi mnabisha hodi saa kumi na mbili jioni, na spika ndogo.

Sisemi mna roho mbaya. Mlienda Alhamisi kwa sababu Alhamisi ndiyo siku ya kikundi, na hakuna aliyemuuliza yeye siku yake ni ipi. Hilo "sitaki tena" ulilolisikia kwenye ngazi huenda nusu yake ni uchovu mtupu. Nusu nyingine tutaifikia.

Mimi mwenyewe sina haki ya kuwacheka. Mwaka wangu wa kwanza wa ukasisi niliingia wodi ya wanaume, nikamsalimu mzee mmoja aliyekuwa kitanda cha mwisho, nikafungua Zaburi, nikaanza kuomba. Niliomba kwa ari. Katikati nikafumbua jicho moja (sote hufanya hivyo), nikaona uso wake umekunjamana, jasho limemtoka, midomo inatetemeka. Nikajiambia, leo Roho ameshuka. Nikaongeza sauti. Niliposema amina, mzee akanivuta mkono wa shati akaninong'oneza, "Mchungaji, nipe hicho kikopo kiko chini ya kitanda." Alikuwa amebanwa na mkojo tangu nilipofungua kitabu, na kwa heshima ya Mungu, au labda ya kola yangu, hakuthubutu kunikatiza. Nilimpa kikopo, nikavuta pazia, nikasimama upande wa pili kama askari wa zamu. Huduma aliyoipata kwangu siku ile ni hiyo tu.

Tangu hapo huuliza kabla ya kufumba macho. Nilipoanza kuuliza ndipo nikaona kumbe swali hilo limo katika Injili siku zote. Bartimayo kipofu anapaza sauti kando ya njia, umati wote unajua anachotaka, na bado Yesu anamwambia, "Wataka nikufanyie nini?" Yule mtu wa kando ya birika, aliyeugua miaka 38, naye aliulizwa, "Wataka kuwa mzima?" Wangeweza kujibu hapana. Swali ambalo haliruhusu hapana ni amri iliyovaa kanzu.

Halafu kuna andiko ambalo vikundi vyote vya maombi hulijua kwa moyo, Yakobo 5:14: "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee." Angalia anayeita ni nani. Ni mgonjwa. Wazee wanakwenda kwa kuitwa. Sisi hapa mjini tumeligeuza: wazee wanajiita wenyewe, wanaleta na kwaya, na mgonjwa anafungua mlango kwa sababu alilelewa na adabu. Nalipenda pia hilo neno "hawezi". Wazee wa Pwani wangali wanasema "siwezi" kwa maana ya kuumwa. Jirani yako hawezi: hawezi kupanda ngazi bila kukaa, hawezi kunywa maji akashiba, na ziko siku hawezi kuomba wala kuombewa. Hiyo ya mwisho ni sehemu ya ugonjwa kama zilivyo hizo nyingine.

Nawe unajua jinsi ilivyo vigumu kwa mtu wa hapa kwetu kukataa maombi. Soda unaweza kuikataa ukasema umeshiba. Ukikataa maombi, wiki ijayo unatajwa kuwa umeingiwa na kitu. Kwa hiyo maneno yale yalimgharimu. Na hakuyasema mbele ya kikundi, alikuambia wewe, kwenye ngazi, akiwa amekaa. Alikuchagua.

Sasa huyo ndugu mgeni. Hapa sitazunguka: alikosea, na kosa lake ni la zamani sana. Wanafunzi walilifanya mbele ya Yesu mwenyewe. Katika Yohana 9 walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza, "Ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake?" Wakajibiwa kwamba si huyu wala si wazazi wake. Rafiki zake Ayubu nao walianza vizuri kuliko wahudumu wengi ninaowajua, maana walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo, wakaanza kumtafutia dhambi. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, anawaambia wapeleke sadaka, na kwamba Ayubu ndiye atakayewaombea. Hebu fikiria: mgonjwa mwenye majipu ndiye anapewa kazi ya kuwaombea wenye afya njema. Sijawahi kusikia kikundi cha wodini kikianza ibada kwa kumwambia mgonjwa, "Dada, leo tuombee wewe."

Na mtume Paulo, ambaye hata leso zake zilipelekewa wagonjwa, alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa hawezi (2 Timotheo 4:20). Ameliandika hilo kwa sentensi moja tu, bila kumlaumu mtu. Timotheo alikuwa na tumbo la mara kwa mara, Paulo akamwandikia dawa ya wakati ule, mvinyo kidogo. Mwiba wake mwenyewe aliuombea mara tatu, haukutoka. Ukimleta Trofimo mbele ya yule ndugu mgeni, nadhani angemtafutia jambo ambalo hajalitubu.

Neno kama lile halibaki sebuleni likingoja watu waage. Linalala na mgonjwa. Nimekaa na wagonjwa usiku wa manane wakipekua maisha yao: labda ni ile mimba, labda ni mama niliyemjibu vibaya, labda ni pesa za chama. Wakati figo nyingi zinazofika kwenye mashine zimeharibiwa na kisukari na shinikizo la damu, magonjwa ambayo mtu huweza kuishi nayo miaka bila kujua. (Kikundi kikiwa na bidii ya ziada siku moja, kiende chote kikapimwe presha. Nasema kweli.)

Kabla sijaendelea, nikuulize jambo ambalo hukuandika. Je, kuna yeyote aliyemwambia aache mashine kama ishara ya imani, au afunge kula na kunywa, au aache dawa? Kama yupo, acha kusoma hapa ukamwone jirani yako leo. Mtu ambaye figo zake zimekwisha kufa akiacha kusafishwa damu, maisha yake huhesabiwa kwa siku au wiki chache. Nchi yetu ilikwisha kuona mwaka 2023 kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ikifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Hakuna haja ya kuwa na upole na mafundisho ya aina hiyo, hata yakija na machozi.

Tuseme hayo hayapo. Basi unaenda. Utasema nini?

Utasema umekuja kunywa chai. Kisha, mapema, kabla maziwa hayajachemka, umwombe radhi. Hivi inatosha: "Yale maneno ya mgeni wetu hayakuwa kweli, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Nisamehe." Acha hapo. Usiongeze "lakini nia ilikuwa nzuri," maana hilo "lakini" linamdai yeye akufariji wewe. Usimtume yule ndugu aje ajieleze. Usimlete kiongozi. Akilia, kaa. Akibadilisha mazungumzo akakuuliza habari za mtihani wa mtoto wako, mjibu habari za mtihani. Mgonjwa wa muda mrefu ana njaa ya habari za kawaida: nani kahama, sukuma wiki imefika bei gani, yule mlinzi wa geti amerudi au hajarudi. Ukimpa hayo umempa nusu saa ya kuwa jirani, apumzike kuwa mgonjwa.

Na mambo haya ya mwili yazingatie, maana watu wa Mungu wengi wameumiza wagonjwa wa figo kwa upendo.

Usibebe ndizi. Najua ndiyo zawadi ya kwanza mkononi mwa kila anayeenda kumwona mgonjwa Nairobi: kishada cha ndizi, parachichi mbili, juisi ya pakiti. Vyote vitatu ni hatari kwake. Ndizi, parachichi, viazi, nyanya na juisi nyingi za matunda zina potasiamu kwa wingi. Figo nzima huitoa, zake haziwezi, na ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Hospitali huwapa wagonjwa orodha ya vyakula vyao. Mwombe akuonyeshe yake, halafu umpikie kutoka humo.

Chai nayo. Wagonjwa hawa hupimiwa cha kunywa kwa siku nzima: maji, chai, uji, hata mchuzi, vyote vinaingia kwenye hesabu moja, na kwa wengi haifiki hata lita moja. Nataka ulikumbuke hilo utakapoona anakujazia kikombe mpaka juu na chake anakitia kiasi cha kulowesha midomo. Huyu mwanamke amewakaribisha kunywa kitu ambacho yeye mwenyewe anakihesabu kwa vijiko. Usimwambie "ongeza kidogo, mbona hunywi?" Kunywa chako, kisifu.

Mkono wake pia. Ikiwa madaktari walimtengenezea fistula, yaani waliunganisha mishipa miwili ya damu mkononi ili sindano zipate pa kuingilia, basi mkono huo ndio njia yake ya kuishi. Ukiuwekea kidole kwa ruhusa yake utasikia unatetema kama paka anayekoroma. Haubanwi, haupimwi presha, haubebi mzigo, hauvutwi. Sasa kumbuka tunavyoombea watu: tunashika kiganja, tunakaza, tunatikisa, na moto ukipanda tunavuta. Kama hana fistula, huenda ana mpira uliotiwa shingoni au kifuani, hapo ndipo hapaguswi kabisa, kwa sababu ya vidudu. Kuwekea mikono ni jambo la Biblia. Kuuliza "nikuguse wapi?" hakulipunguzii nguvu.

Umeuliza kama uendelee kumwombea hali amekataa. Amekataa kuombewa sebuleni kwake, masikioni mwake. Hajakukataza kuzungumza na Mungu juu ya rafiki yako, wala hana njia ya kukukataza. Endelea, ila peleka maombi hayo mahali pengine. Yesu alisema uingie chumba chako cha ndani ufunge mlango. Mama wa watoto watatu katika nyumba ya Umoja atacheka hapo, na ana haki. Chumba cha ndani cha wakazi wengi wa jiji hili ni kiti cha dirishani ndani ya matatu, Jogoo Road, asubuhi, kabla makanga hajaanza kudai nauli. Au karai la nguo. Mimi changu kilikuwa sinki la kunawia mikono kati ya wodi na wodi. Sabuni, maji, jina moja. Sabuni, maji, jina jingine.

Na usiwe na wasiwasi juu ya urefu. Petro alipokuwa anazama hakuwa na utangulizi: "Bwana, niokoe." Wewe unaweza kutaja jina la jirani yako, ukanyamaza, ikawa ombi kamili. Paulo anakiri katika Warumi 8 kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." Nalishukuru Kiswahili kwa neno hilo. Kuugua ni kuumwa, na kuugua ni kuguna kwa maumivu. Roho anaugua. Pale chumba cha mashine, saa ya tatu ya zile nne, nimeusikia mguno huo kwa watu ambao hawakuwa wametamka hata "Ee Bwana", na sikuona haja ya kuwaongezea maneno.

Imani yake ikiwa imechoka, yako inatosha kwa sasa. Wale wanne waliobomoa dari wakamteremsha mwenye kupooza, Marko anasema Yesu "alipoiona imani yao." Yao wabebaji. Yule kwenye godoro hatuambiwi aliamini nini, na kwa hali yake labda alikuwa anaomba tu kamba isikatike.

Mahali ambapo maombi hayo hayafai kwenda ni kundi la WhatsApp. Nimeona ombi la maombi likigeuka habari ya mtaa kwa dakika tano, na picha ya mgonjwa na mipira yake juu. Kama jina lake limekuwa likisomwa kwenye orodha yenu, liondoe, au kamuulize kama anataka libaki.

Kuhusu kikundi, waambie wasijisikie wamefukuzwa kazi. Kazi ipo, haina kipaza sauti tu. Mmoja wao amsindikize Alhamisi, hata akimngoja stendi amshikie mkoba kwenye ngazi. Mwingine awachukue watoto wake jioni ile, kama anao, wale kwake na wafanye kazi ya shule. Mwingine aangalie mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mshahara hupimwa mapato ya nyumba yake, kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima kwa mara moja, na hapo ndipo familia nyingi zenye mgonjwa hukwama. Kubonyeza *147# na kuangalia kama amelipiwa ni kazi ya dakika chache. Kama hajalipiwa, mchango wa kikundi unajua pa kwenda. Mathayo 25 inasema "nilikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Kutazama tu. Sijaona pale "mkaniponya". Mzigo huo hatukutwikwa sisi, na naamini nusu ya kelele zetu vitandani mwa watu ni jasho la kuubeba.

Utaniuliza, na asipoomba tena kuombewa, je?

Kulikuwa na mama mmoja wodini, saratani, alinikataza siku ya kwanza kabla sijafika kitandani. "Mchungaji, kwa wengine tu." Nikamwambia sawa, nikamuuliza kama kuna kitu kingine. Akasema kichwa kinamwasha, nywele alisukwa kabla hajalazwa na hakuna wa kumfumua. Mimi sijui kufumua nywele. Nilivuta kiti, akanielekeza, nikaanza na ncha ya kitana cha nesi. Ilinichukua ziara tatu. Alinisimulia kiosk chake cha mboga, wateja wabaya wa mkopo, binti yake aliye Mombasa. Ziara ya nne nikakuta kitanda kimetandikwa shuka jipya. Sikuwahi kumwombea kwa sauti hata mara moja, na sijawahi kujuta.

Jirani yako anaweza kuwa kama huyo. Au siku moja, mkiwa katikati ya habari za mlinzi wa geti, atasema, "Kesho naogopa." Hapo ndipo utauliza, "Nikuombee, au tukae tu?" Akisema uombe, muulize aombewe nini, na uombe hicho hicho, kwa ukubwa alioutaja yeye. Wagonjwa wa mashine mara nyingi huomba vitu vidogo sana: sindano iingie mara moja, umeme usipotee, nesi fulani awe zamu. Usikipandishe cheo ombi lake. "Bwana, kesho sindano iingie mara moja. Amina." Kisha fumbua macho umwangalie, asije akawa anahitaji kikopo.

Jumamosi ni siku nzuri, amepumzika tangu Alhamisi na maji bado hayajamlemea. Mpigie simu kwanza. Ukifika muulize fistula iko mkono upi, ukae upande wa pili.